Mwaridi Usiodeka: Ua la Kiwanja Kidogo katika Shinyanga na Geita

Mnamo mwaka 1947, katika mgodi wa Mwadui ulio karibu na mji wa Shinyanga, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi ambayo kabla ya kukatwa ilikuwa na uzito wa karati 54 na nusu. Mwenye mgodi, Dakta John Williamson, aliitoa iwe zawadi ya arusi kwa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya pambo lililotengenezwa kwa umbo la ua. Hilo ndilo waridi la Shinyanga linalojulikana zaidi ulimwenguni, nalo lina sifa moja ambayo kila mwenye bustani wa mkoa huo angeitamani: halimwagiliwi maji.

Mawaridi yanayoota ardhini hayana bahati hiyo. Shinyanga hupata mvua ya milimita 700 hadi 800 hivi kwa mwaka, nayo karibu yote hunyesha kati ya Novemba na mwanzo wa Mei. Tangu Juni hadi Oktoba mbingu huwa tupu, upepo hukausha, na vumbi hutanda. Afrika kusini mwa Sahara ina aina moja tu ya waridi la asili, Rosa abyssinica, ambayo makao yake ni milima ya Ethiopia na jirani zake, mahali penye ubaridi. Kwa hiyo kila mwaridi uonekanao Shinyanga, Kahama au Geita ni mgeni, na swali ambalo mwalimu wa biolojia anaweza kuwauliza wanafunzi wake ni hili: ni mgeni wa namna gani anayeweza kuishi katika kiwanja kidogo cha mjini bila kuwanyang'anya wenyeji maji yao?

Jibu langu, ambalo nililipata kwa hasara, ni kwamba mwaridi huchaguliwa kwa mizizi yake kwanza, na ua lake baadaye. Niliporudi kutoka masomoni Ulaya nilikuja na kitabu kizuri cha kilimo cha mawaridi, chenye picha za rangi, nikanunua miche 6 iliyobebeshwa na kuipanda nyumbani kwa wazazi wangu mjini Shinyanga, kila mmoja katika shimo lenye kina na upana uleule ulioamriwa na kitabu. Kufikia Septemba ya mwaka wa pili miche 4 ilikuwa kuni. Miwili iliyobaki ilitoa machipukizi yenye nguvu na maua madogo yasiyofanana hata kidogo na yale niliyonunua. Wakati huohuo, uani kwa jirani, kando ya kichanja cha kuanikia vyombo, palikuwa na kichaka cha mwaridi wa rangi hafifu ambao mama mwenye nyumba aliupanda kutokana na kijiti alichopewa misheni akiwa msichana. Haukuwa na kitabu wala mbolea ya dukani. "Mwanangu," aliniambia akitazama miche yangu, "maua yako haya yanadeka."

Kwanza nieleze kisa cha yale maua madogo. Mwaridi uliobebeshwa ni mimea miwili iliyounganishwa: chini pana mizizi ya aina moja, iliyochaguliwa kwa sababu hushika upesi, na juu pana jicho la aina nyingine, lililochaguliwa kwa uzuri wa ua. Utaratibu huu una faida kubwa kwa mwenye shamba la kibiashara. Mashamba ya Naivasha nchini Kenya, na yale ya mkoa wa Arusha, hutaka miche mingi inayokua sawasawa na kutoa mashina marefu ya kukatwa, na yanaweza kuipatia kila inachodai. Lakini katika kiwanja cha mjini, mbuzi akila sehemu ya juu au ukame ukiiua, mizizi iliyobaki hutoa machipukizi ya aina yake yenyewe, na mwenye bustani hubaki akimwagilia mmea asioujua. Mwaridi ulioota kutokana na kipande cha shina lake una nafsi moja tu. Ukikatwa mpaka ardhini, hurudi ukiwa uleule.

Nchi ya Shinyanga imekwisha kulijua jambo hili kwa njia nyingine. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kwa jina la HASHI, ulianza mwaka 1986 wakati sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa imekwisha kukatwa miti. Mwanzoni juhudi nyingi zilielekezwa kwenye vitalu na miche. Baadaye ikadhihirika kwamba ngitili, yaani desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho na kulipumzisha wakati wa mvua, ilirudisha miti kwa wingi zaidi, kwa sababu chini ya ardhi iliyoonekana kuwa tupu visiki na mizizi vilikuwa bado hai. Mwaka 2002 HASHI ilipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mzizi wa zamani hushinda mche mpya. Hilo ni kweli kwa miti ya malisho, na ni kweli kwa ua.

Je, ni miwaridi gani hukubali kuota kwa kipande, huvumilia joto, na hutoa maua mara nyingi? Hapa ni lazima twende China. Hadi karne ya 18 miwaridi mingi ya Ulaya ilichanua mara moja tu kwa mwaka. Mwishoni mwa karne hiyo iliingia kutoka China miwaridi iliyochanua mfululizo, na miongoni mwayo ni ule ulioitwa 'Old Blush'. Sababu ya tabia hiyo ilielezwa mwaka 2012, wataalamu walipoonyesha kwamba mwaridi wa mwitu una jeni, iliyopewa jina la KSN, ambayo kazi yake ni kuuzuia mmea usitoe maua. Katika miwaridi ya China kipande cha DNA chenye uwezo wa kuhama kutoka mahali hadi mahali kilijipenyeza ndani ya jeni hiyo na kuiharibu. Breki ikaharibika, na mmea ukawa hauna cha kuuzuia. Kila chipukizi jipya, mradi lipate maji kidogo na jua, huishia katika ua. Watu wengi hudhani kwamba uharibifu wa jeni ni hasara siku zote. Mwalimu anaweza kuutumia mfano huu kuwasahihisha.

Kwa mkulima wa nchi zetu jambo hilo lina maana ya pekee. Miwaridi mingi ya kale ya Ulaya husubiri majira ya baridi ili ijiandae kuchanua, nayo ikiletwa karibu na Ikweta inaweza kukaa miaka ikiwa majani matupu. Miwaridi yenye damu ya China haingoji baridi. Mbali na 'Old Blush' na 'Mutabilis' (ambao ua lake hubadilika rangi kwa kadiri linavyokomaa), kuna 'Lorraine Lee' uliotolewa mwaka 1924 na Alister Clark wa Australia, aliyetumia waridi la mwitu kutoka pande za Burma ili kupata vichaka vinavyostahimili joto la nchi yake. Kuna pia 'Iceberg', mweupe, uliotoka Ujerumani mwaka 1958 na kuenea katika miji mingi yenye jua kali. Mwaka 2000 Marekani ilianza kuuza 'Knock Out', kazi ya William Radler, ulioundwa makusudi kwa ajili ya watu wasiotaka kazi ya kupiga dawa. Ulipandwa kila mahali, katika viwanja na kando ya barabara, kisha ugonjwa wa virusi unaoenezwa na utitiri mdogo mno ukaenea katika miwaridi ya nchi hiyo na kuiua mingi, huo nao ukiwamo. Mmea usiougua ugonjwa mmoja si lazima usiugue mwingine, na mji mzima kupanda aina moja ni kujitafutia balaa.

Hata hivyo, simshauri mwalimu wa Kishapu au Maswa aanze kuagiza majina hayo kutoka nje. Atembee mitaani kwanza. Kichaka kilichopita viangazi 10 uani kwa mtu bila kuangaliwa sana kimekwisha kufanya mtihani ambao mche wa kitaluni haujafanya, na bei ya kipande chake ni hodi na salamu.

Baada ya mmea, udongo. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, alitunga neno 'katena', lenye maana ya mnyororo, kueleza jinsi aina za udongo zinavyofuatana kwa mpango uleule kutoka kilimani hadi bondeni. Neno hilo sasa limo katika vitabu vya jiografia vya dunia nzima. Wasukuma walikuwa na majina ya pete za mnyororo huo kabla ya Milne. Karibu na vilima vya mawe kuna luseni, udongo wa kichanga, mwepesi, unaopitisha maji upesi. Chini yake kuna itogolo, ambao una mchanga juu lakini kwenye kina kidogo una tabaka gumu lisilopitisha maji wala mizizi. Bondeni kabisa ndiko kwenye mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mahali pengine hukutwa ibushi, udongo wenye chokaa.

Kitabu changu kilitoka nchi isiyojua itogolo. Shimo refu lililochimbwa katika udongo huo ni sawa na ndoo iliyozikwa: mvua ya Desemba hulijaza, maji hayana pa kwenda, mizizi hukosa oksijeni na kuoza. Kwa sababu hiyohiyo itogolo hupendwa na walimaji wa mpunga, ambao huuzungushia kingo na kuufanya majaluba. Tabia inayoustawisha mpunga ndiyo inayouua mwaridi. Dawa yake wenyeji wanayo mikononi, nayo ni tuta. Pandisha udongo wa juu, uliochanganywa na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, mpaka kimo cha sentimita 30 au 40, na mwaridi upandwe juu yake. Penye mbuga fanya vivyo hivyo, maana nyufa za kiangazi hukata mizizi myembamba kama kamba. Penye luseni tuta halihitajiki; huko shida ni kuyashika maji, na samadi nyingi ndiyo ishikayo.

Wanafunzi wanaweza kuupima udongo wa shule kwa vitu vichache. Weka donge dogo la udongo mkavu katika glasi ya maji safi ya mvua, usilitikise, uliache hadi kesho yake. Maji yakibaki maangavu, udongo una umbo zuri. Yakiwa meupe kama tui, chembe za mfinyanzi zimetawanyika, na sababu kubwa ya kutawanyika huko ni wingi wa sodiamu. Kwa donge la pili tia matone ya asidi hidrokloriki hafifu kutoka maabara. Likitoa povu, lina chokaa. Katika udongo wa chokaa mwaridi hushindwa kufyonza madini ya chuma, na majani machanga hugeuka manjano huku vishipa vyake vikibaki kijani. Watu wengi huiona manjano hiyo wakadhani ni kiu, wakaongeza maji bure.

Na maji ndiyo shauri lenyewe. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Viktoria hufika Kahama na Shinyanga kwa bomba kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, na hilo limepunguza adha iliyokuwapo zamani. Lakini maji ya bomba yana bei, na si kila nyumba ina bomba. Katika nyumba nyingi kila ndoo huletwa na mtu, na mtu huyo aghalabu ni msichana wa shule. Ua linaloongeza safari zake halina haki ya kupandwa. Tufanye basi hesabu. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Tuchukue kwamba hewa ya kiangazi yaweza kukausha milimita 6 kwa siku, na kwamba kichaka kilichokwisha kushika, chenye kivuli cha mita 1 ya mraba, huishi kwa nusu ya kiasi hicho. Hizo ni lita 3 kwa siku, lita 21 kwa juma: ndoo moja. Kitalu cha mchicha cha mita 3 za mraba, ambacho hakikubali nusu, kitadai lita 18 kila siku. Vichaka vitatu vya mwaridi huhitaji kwa juma zima kile ambacho mchicha huo hunywa kwa siku tatu na nusu.

Ndoo hiyo imiminwe yote siku moja, polepole, jioni. Kopo moja kila siku hulowesha sentimita chache za juu, ambazo jua la kesho yake hukausha, na mizizi huzoea kukaa huko juu ikisubiri kopo. Maji yanayoshuka chini huivuta mizizi chini. Kwa msimu wa kwanza, kabla mmea haujashika, ndoo mbili kwa juma hazikwepeki, na asiyeweza kuzitoa asipande mwaka huo. Maji yaliyooshea mchele, mboga au matunda yanafaa sana. Maji ya kufulia hayafai: sabuni nyingi zina sodiamu, na udongo wa itogolo, ambao mara nyingi umekwisha kuwa nayo kupita kiasi, huongezewa kile kile kinachouharibu. Chini ya kichaka tandaza maganda ya karanga au pumba za mpunga ili kuzuia ukaukaji, ila acha nafasi ya upana wa kiganja kuzunguka shina. Mchwa hupenda kitu kilichokufa kuliko kilicho hai, lakini wakifikishwa mlangoni kwa matandazo makavu, na wakaukuta mmea umedhoofika kwa kiu, huingia.

Mbuzi hana masharti hayo. Miiba ya mwaridi haimzuii, nayo kwa kweli si miiba kama ile ya mgunga: mwiba wa mgunga ni kiungo cha mti chenye mishipa ndani yake, ilhali ule wa mwaridi ni uoto wa ngozi ya shina, na ukiusukuma kwa kidole gumba huchomoka. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba jeni za jamii moja ndizo zinazohusika na kuota kwa miiba ya namna hii katika waridi na katika jamii ya biringani na nyanya chungu, mimea iliyoachana mamilioni ya miaka iliyopita. Nyanya chungu tunazokula zilipoteza miiba hiyo mikononi mwa wakulima. Kwa mbuzi, basi, tegemea ua wa minyaa.

Msomaji wa Geita atakuwa ameona kwamba nimesema zaidi juu ya Shinyanga. Geita iko karibu na ziwa, mvua yake ni nyingi zaidi, na adui wake ni tofauti. Kuvu aitwaye Diplocarpon rosae, anayeleta madoa meusi na kupukutisha majani, huhitaji jani lililokaa na unyevu kwa muda wa saa 7 au zaidi ndipo aingie. Kiangazi cha Shinyanga humnyima nafasi hiyo. Masika ya Geita humpa. Huko mwaridi upandwe mahali panapopigwa na jua la asubuhi na upepo, na maji yasimwagwe juu ya majani. Shinyanga, kinyume chake, husumbuliwa na utitiri mwekundu unaozaliana katika joto kavu, na kuyaosha majani upande wa chini, asubuhi na mapema, ni dawa ya kutosha. Ushauri ulio mwema mji mmoja ni mbaya mji wa pili, wala miji hiyo haiko mbali sana.

Lakini jambo zito zaidi katika ukanda wa dhahabu si kuvu. Wachimbaji wadogo huchanganya zebaki na unga wa mawe ili ishikamane na dhahabu, kisha huchoma mchanganyiko huo. Zebaki hugeuka mvuke, na dhahabu hubaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, lakini kile kilichokwisha kuanguka ardhini kingalipo. Mawe yenye dhahabu huweza pia kuwa na aseniki. Mchanga unaobaki, uitwao marudio, ni laini na humvutia mtu anayetafuta kitu cha kulainisha udongo wa bustani. Usitumike kabisa, wala kwa ua wala kwa mboga.

Na ikiwa kiwanja chenyewe kiko mahali palipowahi kuchomewa dhahabu? Mimea hupitisha zebaki kidogo kutoka mizizini hadi majanini. Njia kubwa zaidi ni hewa, kwa kuwa jani hufyonza mvuke wake, na mvuke hutoka hata katika udongo uliochafuka. Zebaki iliyokwisha kuingia ndani ya jani la mchicha au la kisamvu haitoki kwa kuoshwa. Hapo ndipo kichaka kisicholiwa kina kazi: hufunika ardhi, hupunguza vumbi ambalo watoto hulivuta na kulishika, na hakiingii chunguni. Mwaridi hausafishi udongo, na mtu asidanganywe hivyo. Mboga za nyumba hiyo zipandwe kwingine, au katika magunia yenye udongo ulioletwa kutoka mahali salama. Tena, mawaridi ya kiwanja cha namna hiyo ni ya kutazamwa tu. Watu wa pwani wanaojua mrashi, na jamaa zao wa Oman wanaojua jinsi mawaridi ya Jabal Akhdar yanavyopikwa kila mwaka kutoa maji ya marashi, wataona tabu kuyaacha maua yakauke mtini. Hata hivyo yasitiwe katika chai wala marashi, na matawi yaliyopogolewa yasipewe mbuzi wala kutiwa jikoni.

Kupogoa kwenyewe ni kazi ya siku moja kwa mwaka. Huko Ulaya baridi huulaza mwaridi. Kwetu ni ukame unaoulaza, na wakati wake ni mwishoni mwa Septemba au Oktoba, kabla ya mvua. Ondoa matawi yaliyokufa, yale yanayosuguana, na theluthi moja ya yaliyobaki. Vipande vya kupanda hukatwa mvua zinapoanza, kutoka tawi lililokwisha kuchanua, lenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 20. Majani yote huondolewa isipokuwa mawili ya juu, na theluthi mbili za kipande huzikwa katika mchanga wa mtoni uliochanganywa na samadi kidogo, kivulini. Baada ya majuma sita hadi nane, kipande kinachokataa kung'oka kikivutwa kidogo kimekwisha kutoa mizizi. Katika vipande 10 nilivyopewa na yule jirani vilishika 6. Kimoja kilipandwa juu ya tuta nyumbani kwa wazazi wangu, mahali palepale palipofia mche wa kitabu changu, na vitano nikavigawa mtaani.